Noble Johnson: Chifu wa ‘King Kong’ aliyetakiwa kuchagua

WATAZAMAJI wengi wa filamu ya King Kong, iliyoanza kuonyeshwa jijini New York Machi 1933, humkumbuka sokwe mkubwa aliyekwea jengo refu, na humkumbuka mwigizaji Fay Wray aliyepiga mayowe kiganjani mwake. Ni wachache wanaomkumbuka mtu wa kwanza kuwapokea wageni katika kisiwa cha sokwe huyo.

Ni chifu wa kisiwa. Ana umbo la jitu, kichwani amevaa taji la manyoya, na sauti yake inatosha kuzinyamazisha ngoma zote. Anasimamisha sherehe, anawasogelea Wazungu kwa hatua za taratibu, kisha anataka kubadilishana: wanawake sita wa kabila lake kwa mwanamke mmoja mwenye nywele za dhahabu. Lugha anayoizungumza ni ya kubuni, na jina hana. Katika orodha ya wahusika ameandikwa kama chifu wa wenyeji, basi.

Mwigizaji huyo aliitwa Noble Johnson. Alikuwa Mmarekani mweusi, na wakati huo alikuwa ameonekana katika filamu nyingi kuliko nyota wengi waliolipwa mara kumi zaidi yake. Jambo ambalo watazamaji wa mwaka ule hawakuambiwa ni kwamba miaka 17 kabla, mtu huyo huyo alikuwa rais wa kampuni ya filamu iliyoanzishwa na Wamarekani weusi ili kupinga picha za aina hiyo hiyo.

Historia yake ni historia ya mwigizaji wa nafasi za pembeni, yule ambaye uso wake unajulikana na jina lake halijulikani. Vilevile ni historia ya uchaguzi mmoja alioufanya mwaka 1918, na gharama yake.

Mtoto wa mfunza farasi

Noble Mark Johnson alizaliwa Aprili 18, 1881, katika mji wa Marshall, jimbo la Missouri. Angali mdogo, familia yake ilihamia Colorado Springs, mji ulio chini ya milima ya jimbo la Colorado, ambako baba yake, Perry Johnson, alifanya kazi ya kufunza farasi.

Katika mji huo alikulia pia kijana mwingine, mtoto wa wazazi viziwi, aliyeitwa Lon Chaney. Inaelezwa kwamba wawili hao walifahamiana tangu enzi za shule. Baadaye Chaney alipata umaarufu mkubwa katika filamu bubu kwa uwezo wake wa kujibadilisha sura, hata akapewa jina la “Mtu wa Nyuso Elfu”. Johnson naye angekuja kuvaa nyuso nyingi, lakini hakuna studio iliyomtangaza kwa sifa hiyo.

Akiwa na umri wa miaka 15 hivi, Johnson aliacha shule na kumfuata baba yake katika kazi ya farasi. Kwa miaka kadhaa alitangatanga katika majimbo ya magharibi, akichunga ng’ombe na kufanya kazi za mashambani. Alikuwa na urefu wa zaidi ya futi sita, kifua kipana, na ngozi ya maji ya kunde ambayo ilimfanya mgeni ashindwe kusema kwa hakika ni mtu wa taifa gani.

Sifa hizo mbili, ujuzi wa farasi na sura isiyofungwa na taifa moja, ndizo zilizomwingiza katika sinema. Katikati ya miaka ya 1910, kampuni ya filamu ya Lubin, yenye makao yake Philadelphia, ilifika Colorado kupiga filamu za magharibi. Mwigizaji mmoja aliumia, na ikahitajika mtu wa haraka anayeweza kumtawala farasi mbele ya kamera. Johnson akachukuliwa, na akaigiza kama mmoja wa wenyeji asilia wa Marekani, wale ambao sinema iliwaita Wahindi Wekundu. Kazi ile ya dharura ikamfungulia njia ya kwenda California, ambako aliajiriwa na studio ya Universal.

Kampuni ya Lincoln

Mwaka 1915 ulikuwa mgumu kwa Wamarekani weusi katika sinema. Mwongozaji D. W. Griffith alitoa filamu ya The Birth of a Nation, iliyowaonyesha weusi kama wahalifu na kuwasifu wafuasi wa Ku Klux Klan kama wakombozi. Wahusika weusi wakuu katika filamu hiyo waliigizwa na Wazungu waliojipaka masizi usoni. Maandamano ya kuipinga yalifanyika katika miji mbalimbali, lakini filamu ilijaza kumbi na kuingiza fedha nyingi.

Jibu la Johnson lilikuwa la vitendo. Mwaka 1916, jijini Los Angeles, yeye na wenzake walianzisha kampuni ya Lincoln Motion Picture. Johnson alikuwa rais na nyota wake. Pamoja naye walikuwapo mwigizaji Clarence Brooks, mfamasia James T. Smith, na mpigapicha Mzungu, Harry Gant. Ndugu yake Noble, George Perry Johnson, aliyekuwa karani wa posta katika mji wa Omaha, jimbo la Nebraska, alisimamia usambazaji.

Filamu yao ya kwanza, The Realization of a Negro’s Ambition, ilikuwa fupi, ya mikanda miwili tu. Ilieleza habari za kijana mhandisi aliyehitimu katika chuo cha Tuskegee, akaenda California kutafuta kazi katika visima vya mafuta. Ananyimwa kazi kwa sababu ya rangi yake. Baadaye anamwokoa binti wa mwenye visima kutoka katika gari la farasi waliopagawa, anapewa nafasi ya kuonyesha utaalamu wake, na mwishowe anagundua kwamba ardhi ya baba yake nayo ina mafuta.

Kwa mtazamaji wa leo hadithi hiyo yaweza kuonekana nyepesi. Kwa mtazamaji mweusi wa mwaka 1916 lilikuwa jambo kubwa kumwona mtu wa rangi yake akiwa msomi, mwana wa familia yenye heshima na mwenye mchumba, bila kuchekwa na mtu.

Filamu ya pili, The Trooper of Troop K, ilitokana na tukio la kweli. Juni 1916, askari weusi wa kikosi cha kumi cha wapandafarasi wa jeshi la Marekani walipambana na majeshi ya Mexico mahali panapoitwa Carrizal, na baadhi yao wakapoteza maisha. Johnson aliigiza kijana mvivu na asiyethaminiwa, ambaye jeshi linamgeuza kuwa shujaa anayemwokoa kamanda wake. Askari wa zamani wa vikosi vya weusi walitumiwa katika mapigano ya kuigiza. Filamu ya tatu, The Law of Nature, ilifuata mwaka 1917.

Kampuni hiyo iliendeshwa kwa jasho. George aliandika barua na kupanga maonyesho baada ya saa za kazi ya posta. Filamu zilionyeshwa katika majumba machache ya sinema yaliyowahudumia weusi, na pia makanisani na shuleni. Noble aliendelea kuigiza Universal, na sehemu kubwa ya mshahara wake iliingia katika kampuni. Kwa maneno mengine, studio ya Wazungu ndiyo iliyokuwa ikilipia, bila kukusudia, sinema ya weusi.

Mshahara au kampuni

Utaratibu huo haukudumu. Universal ilikuwa ikimtumia Johnson katika filamu za mfululizo, zile zilizoonyeshwa kipande kimoja kila wiki ili mtazamaji arudi kujua kilichotokea. Katika mitaa ya weusi watu walikwenda kuzitazama kwa sababu ya Johnson, hata kama nafasi yake ilikuwa ndogo.

Kwa mujibu wa kumbukumbu za George, tatizo lilianza pale filamu za Lincoln zilipoonyeshwa jirani na kumbi zenye filamu za Universal. Huku Johnson alikuwa mtumishi au adui wa shujaa. Kule alikuwa shujaa mwenyewe, na picha yake imebandikwa kubwa mlangoni. Watazamaji wakahamia kule. Wenye kumbi wakalalamika, na malalamiko yakafika studio.

Mwaka 1918 Johnson alitakiwa kuchagua. Akitaka kubaki Universal, alipaswa kujitoa Lincoln, na kampuni iache kutumia jina na sura yake katika matangazo. Akitaka kubaki Lincoln, angepoteza mshahara ambao ndio uliokuwa ukiiweka hai Lincoln yenyewe.

Johnson alijiuzulu urais wa Lincoln na kubaki studio.

Ni rahisi kumhukumu, na wapo waliomhukumu. Hata hivyo, mazingira ya uamuzi huo yanapaswa kuzingatiwa. Kampuni haikuwa na mtaji wa kumlipa mwigizaji wake mkuu. Kumbi za weusi zilikuwa chache mno kurudisha gharama za filamu ndefu. Mwishoni mwa mwaka huo huo, ugonjwa wa homa ya mafua ulioikumba dunia ulisababisha majumba ya sinema katika miji mingi kufungwa. Hata kama Johnson angebaki, hakuna uhakika kwamba Lincoln ingeishi muda mrefu zaidi.

Kampuni iliendelea kwa muda bila yeye. Clarence Brooks alichukua nafasi za mbele, na filamu mbili zaidi zilitoka: A Man’s Duty mwaka 1919 na By Right of Birth mwaka 1921. Baada ya hapo Lincoln haikutoa filamu nyingine.

Mwaka 1918, George alikuwa pia ameandikiana barua na mwandishi mmoja mkulima, Oscar Micheaux, akitaka kununua haki za riwaya yake, The Homesteader. Micheaux alishikilia kwamba ni lazima ashiriki mwenyewe katika utengenezaji. Mazungumzo yakavunjika, na Micheaux akaitengeneza filamu hiyo mwenyewe mwaka 1919. Akawa mtayarishaji mashuhuri kuliko wote wa sinema ya weusi wa kizazi chake. Njia ambayo Noble Johnson aliiacha ilipata mtu mwingine wa kuipita.

Sura za mataifa yote

Kwa Johnson mwenyewe, miaka ya 1920 ilikuwa ya mavuno. Mwaka 1921 alionekana katika The Four Horsemen of the Apocalypse, filamu iliyompandisha Rudolph Valentino. Johnson alikuwa mmoja wa wapandafarasi wanne wa maangamizi, yule wa Ushindi. Mwaka 1922 alikuwa Friday, mtumishi wa Robinson Crusoe, katika filamu ya mfululizo ya Universal. Mwaka 1923 alikuwamo katika The Ten Commandments ya Cecil B. DeMille.

Mwaka 1924 unaonyesha vizuri upana wa kazi yake. Katika The Thief of Bagdad ya Douglas Fairbanks, Johnson alikuwa mwana wa mfalme wa India, aliyekuja na msafara wake kumposa binti wa khalifa. Katika The Navigator ya mchekeshaji Buster Keaton, alikuwa kiongozi wa wala watu wa kisiwani. Huku hariri na vito, kule majani kiunoni, na mtu ni yule yule.

Orodha iliendelea. Mwaka 1927 alikuwa Uncle Tom katika Topsy and Eva. Mwaka 1929 alikuwa mwenyeji asilia wa Marekani katika Redskin, Mchina katika filamu ya Fu Manchu, na Ahmed katika The Four Feathers, filamu ya vita vya Sudan. Mwaka 1930, sinema ilipokwisha kupata sauti, alikuwa Queequeg, mrusha chusa kutoka visiwa vya Bahari ya Kusini, katika Moby Dick iliyoigizwa na John Barrymore.

Waigizaji wengi wa filamu bubu walianguka sauti ilipoingia. Johnson hakuanguka. Alikuwa na sauti nzito, na nafasi nyingi alizopewa hazikuhitaji maneno mengi. Jambo hilo la pili lilimpa riziki, na ndilo lililomnyima sifa, kwa kuwa mwigizaji asiyepewa maneno hapewi pia nafasi ya kumweleza mhusika wake.

Mwaka wa ajabu kuliko yote ni 1932. Mapema mwaka huo alikuwa Janos, mtumishi wa daktari mwendawazimu jijini Paris, aliyeigizwa na Bela Lugosi katika Murders in the Rue Morgue. Mwishoni mwa mwaka alikuwa Mnubi, mtumwa wa maiti aliyefufuka wa Boris Karloff katika The Mummy. Katikati yake alikuwa Ivan, Mkosaki wa Urusi katika The Most Dangerous Game, filamu inayomhusu bwana anayewinda binadamu kisiwani. Ili kuwa Ivan alipakwa rangi ya kumfanya Mzungu, akawekewa ndevu nyingi.

Tukio hilo lilikuwa la nadra sana. Kwa miongo mingi Wazungu walijipaka rangi nyeusi na kuigiza watu weusi, nalo lilionekana jambo la kawaida. Mtu mweusi kupakwa nyeupe na kuigiza Mzungu katika filamu ya studio kubwa halikuwa jambo la kawaida hata kidogo. Filamu ya rangi nyeusi na nyeupe ilisaidia kuficha, na Ivan hakusema neno kwa kuwa alikuwa bubu. Studio haikufanya hivyo kwa kupenda usawa. Ilihitaji jitu la kutisha, na jitu lilikuwapo kazini tayari.

Ukuta uleule

The Most Dangerous Game na King Kong zilitengenezwa na studio ya RKO kwa wakati unaokaribiana, zikitumia msitu mmoja wa kuigiza. Fay Wray na Robert Armstrong waliigiza katika zote mbili, na Johnson vilevile. Katika moja alikuwa Mrusi, katika nyingine chifu wa kisiwa kisichokuwapo katika ramani yoyote. Watayarishaji wa King Kong, Merian C. Cooper na Ernest B. Schoedsack, walikwisha kumfahamu tangu The Four Feathers.

Hata ukuta mrefu wa kisiwa cha Kong ulikuwa na historia. Ulijengwa juu ya mabaki ya hekalu lililotumika katika The King of Kings, filamu ya DeMille ya mwaka 1927, ambayo Johnson naye aliigiza kama mwendesha gari la farasi. Desemba 1938 ukuta huo ulichomwa moto ili kuigiza kuungua kwa mji wa Atlanta katika Gone with the Wind. Studio ilitumia mbao zake kama ilivyomtumia Johnson: kila mara kwa umbo jipya, mpaka pale zisipohitajika tena.

Baada ya King Kong alirudi kama chifu yule yule katika The Son of Kong, mwaka huo huo wa 1933. Mwaka 1935 alikuwa chifu wa Waamahaga katika She. Riwaya ya H. Rider Haggard iliyozaa filamu hiyo huwapeleka mashujaa wake pwani ya mashariki ya Afrika, lakini studio iliuhamishia mkasa wote katika nchi ya barafu ya kaskazini, na Johnson akahama nao. Alionekana pia katika Lost Horizon ya mwaka 1937 kama kiongozi wa wapagazi, na mwaka 1940 alikuwa msukule katika The Ghost Breakers ya mchekeshaji Bob Hope.

Chini ya kanuni za maadili zilizoanza kutekelezwa kikamilifu Hollywood mwaka 1934, mapenzi kati ya weupe na weusi yalipigwa marufuku katika filamu. Kwa mwigizaji kama Johnson, hilo lilikuwa na maana moja: hata umahiri wake ungezidi vipi, nafasi ya mhusika mkuu haikuwepo. Angeweza kuwa chifu, mlinzi, mtumwa au zimwi. Hakuweza kuwa baba, mume au mchumba katika hadithi ya kawaida, kama alivyowahi kuwa katika filamu zake mwenyewe za mwaka 1916.

Machweo

Nafasi zake za mwisho zilimrudisha alikoanzia, juu ya farasi. Mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 68, aliigiza kama kiongozi wa kivita aitwaye Red Shirt katika She Wore a Yellow Ribbon, filamu ya John Ford iliyoongozwa na nyota John Wayne. Mwaka uliofuata aliigiza chifu mwingine katika North of the Great Divide, kisha akastaafu. Kwa jumla alikuwa ameonekana katika filamu zaidi ya 140 kwa muda wa miaka 35.

Alifariki dunia Januari 9, 1978, katika mji wa Yucaipa, California, akiwa na umri wa miaka 96.

Filamu za kampuni ya Lincoln karibu zote zimepotea. Filamu za zama hizo zilitengenezwa kwa mikanda iliyooza na kushika moto kwa urahisi, na kampuni isiyokuwa na fedha haikuwa na mahali pa kuzihifadhi. Kinachojulikana kubaki ni vipande vya dakika chache vya By Right of Birth, filamu ya mwisho, ambayo Noble hakuwamo.

Kwa hiyo hali imekuwa kinyume cha alichokitaka alipoanza. Yale aliyoyaigiza kwa mshahara yapo, yamesafishwa na yanatazamwa duniani kote: Mnubi, Mkosaki na chifu wa kisiwa. Yale aliyoyaigiza kwa fedha zake, mhandisi wa Tuskegee na askari wa Carrizal, hayaonekani tena.

Kama yanajulikana hata kidogo, shukrani ni kwa karani wa posta wa Omaha. George Johnson hakutupa barua, matangazo wala picha. Kwa miongo kadhaa alikusanya kumbukumbu za sinema ya Wamarekani weusi, na mkusanyo wake umehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Humo ndimo watafiti walimkuta rais wa kampuni aliyefichwa nyuma ya taji la manyoya la chifu.